Namna Nilivyomuchagulia Mujukuu Wangu Klabu ya Kukimbiza Magari

Niwataje kwanza waliokuwepo, musije mukapotea. Tulikuwa watu watano. Mimi mwenyewe, mujane wa shofere wa kamio, lori kubwa la mizigo, mukaaji wa Majengo tangu ndoa yangu. Mujukuu wangu wa kike, mutoto wa binti yangu marehemu, niliyemulea tangu ana meno mawili. Leo ana kazi yake ya kupima damu kwenye labo, ana mushahara wake na kichwa chake kigumu. Bawifi yangu, yaani dada ya bwana yangu. Tunaishi parsele moja, ua mumoja, tunagombana tangu ujana na hakuna anayehama. Kijana mumoja mwenye manukato mengi, mukubwa wa klabu moja ya magari. Mama yake na mimi tuliuza vitenge Bunagana, kule mpakani, tukijikinga mvua chini ya hema moja. Na muzee mumoja mwembamba anayefundisha watu kuendesha mpaka wapate permi, leseni yao, mukubwa wa klabu ingine. Huyo wa mwisho hakuwa ndugu wa mutu yeyote kati yetu, hata jirani wa zamani hakuwa, na hiyo ndiyo ilikuwa shida ya kwanza niliyoiona kwake.

Majina yao yote ninayo. Nilisoma miaka miwili tu, kalamu inanichosha, lakini jina nikilisikia mara moja halitoki. Humu sitaandika hata moja. Karatasi ina miguu, na ikiondoka haikuagi kwamba inakwenda kwa nani.

Jambo lilianza kwa muuza makala, makaa ya kupikia, wa avenue yetu. Alinikuta nachambua sombe, majani ya muhogo, akaniambia kama mutu anayepiga habari za mvua:

“Mama, gari ya muzee bado inakimbia vizuri. Niliiona jana njia ya uwanja wa ndege, inashindana na zingine mbili.”

Gari ya muzee ni ile ndogo nyeupe bwana yangu aliyoinunua alipoacha makamio. Alipokufa niliiacha kwa mujukuu imupeleke kazini. Kazini, sikusema mashindano. Aliporudi saa kumi na moja nikamunyoshea mukono. Akaniwekea ufunguo kwenye kiganja. Nikaufunga kwenye fundo la kikwembe changu cha kiunoni, na pale ukakaa wiki tatu. Nilikoga nao, nilisali nao.

Wiki ya kwanza alipanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda labo. Ya pili akaacha kunisalimia kwa furaha. Ya tatu akaja kukaa karibu yangu jikoni, akaanza kumenya vitunguu ambavyo sikumuomba amenye. Ananiita koko, kama wote wanavyomuita mama ya mama.

“Koko, kuna klabu. Kuna uwanja kule Munigi, hakuna magari mengine, hakuna watoto wa masomo. Unavaa kaske kichwani, unakimbiza gari mpaka unashiba, unarudi nyumbani.”

“Wanakimbia kwenda wapi?”

“Hawaendi mahali. Wanazunguka.”

“Wanabeba nini?”

“Hawabebi kitu.”

Nikacheka kidogo, ile ya puani. Miaka yangu ya Bunagana ilinifundisha kitu kimoja: gari inayokimbia tupu inatangulia gari iliyojaa. Inapita mbele kuangalia kama barieri ya barabarani imefungwa, shofere anapiga simu, na nyuma yake ndiyo inakuja ile yenye sigara chini ya mihogo. Watu wa fraude, wa magendo, wanatafuta vijana wa namna gani? Vijana wasioogopa kona. Na sasa mutu amefungua klabu ya kuwakusanya?

“Koko, si kila mutu ni mutu wa fraude.”

“Si kila mutu. Nitajie yule ambaye si.”

Akaweka kisu chini. “Kutwa nzima niko naangalia damu ya watu kwenye vioo vidogo. Hii iko na malaria, hii iko na ile ugonjwa ambayo siwezi kumwambia mwenyewe. Nikishika usukani, kichwa inanyamaza. Ni vile tu.”

Hapo nilichukua kile kisu nikaendelea na vitunguu vyake, kwa sababu bwana yangu aliwahi kusema hivyo hivyo, kwamba kichwa chake kinanyamaza kuanzia kilometa ya kumi. Na nilijua kitu kingine: nikimukatalia kabisa, siku moja atapata gari ya rafiki, na itakuwa njia ya uwanja wa ndege tena, kati ya wanafunzi na wauza ndizi. Nilikwisha kuzika mama yake. Sikuwa na mwingine wa kuzika.

“Klabu ziko ngapi?”

“Mbili. Wanatumia uwanja ule ule. Moja siku ya posho, ingine kesho yake, siku ya yenga, baada ya misa.”

“Nitachagua mimi. Utaendesha pale nitakaposema tu. Nikikataa zote mbili, gari nauzisha.”

Akafikiri. “Sawa. Lakini ukikataa zote mbili, utanipa sababu ambayo hata wewe mwenyewe unaiamini.”

Mutoto wa kujibu hivyo, nani alimulea? Mimi.

Sijui nani alipeleka habari, lakini kabla hatujatembelea mutu, kijana wa manukato alikwisha kufika kwetu. Alikuja na sukari kilo mbili na miti miwili ya sabuni ya kufulia, akapiga magoti pale mulangoni na suruali yake safi.

“Mama mukubwa, mimi ni mutoto wako. Mama alinisimulia vile mulivyokuwa munagawana chai Bunagana. Kwetu hakuna makaratasi, hakuna masharti. Kwetu ni famille, jamaa moja.”

“Famille ya nani?”

“Ya wote, mama.”

“Ona mutoto mwenye adabu!” Bawifi yangu akasema, na sabuni tayari iko chini ya kwapa lake.

Kijana akainama kama mwenye siri. “Kule kwa muzee yule mwingine, mama, wanaandika jina lako, la baba yako, mahali unalala. Wanaandika mpaka damu yako, aina gani. Damu! Ya kufanyia nini?”

“Astafiru,” bawifi akasema, akakumbatia sabuni vizuri zaidi.

Nilimushukuru kijana, nikamupa chai. Lakini mutu anayekuletea sukari kabla hujamuuliza kitu, ni kwamba anajua kuna kitu utakuja kumuuliza. Hilo nililiweka upande wa kushoto wa kichwa. Upande wa kuume niliweka ile habari ya damu, na nasema kweli, ilikuwa nzito zaidi. Sisi wa hapa tunaijua lisiti, ile karatasi ya majina. Tumeona watu waliopita nyumba kwa nyumba wakiandika majina ya vijana, wakisema ni ya chandarua, ni ya kazi, ni ya msaada, na baadaye vijana wakachukuliwa porini. Ukimuona mutu anaandika majina ya vijana, usiangalie kalamu yake. Angalia viatu vyake, kama ni vya askari.

Kesho yake tukaenda kwa muzee mwembamba, wote watatu. Alikuwa kwenye chumba cha mbao, picha za alama za barabara zimebandikwa ukutani. Niliangalia viatu vyake. Alivaa kambambili, na moja ilikuwa imeshonwa kwa waya. Hiyo haikunituliza. Mutu anaweza kuacha viatu vya kazi nyumbani.

Hakupiga magoti, hakuleta chai. Alivuta ubao tukakaa, akafungua kaye, daftari lake.

“Jina kamili.”

Mujukuu akataja. Akaandika. Mutaa, akaandika. Aina ya damu, na yule mutoto akaitaja kwa furaha kabisa, kama anasifiwa, kwa sababu ndiyo kazi yake.

“Wa kupigiwa simu?”

“Koko yangu huyu.”

“Jina la koko.”

“La nini?” nikasema. “Mimi siendeshi.”

“Wewe ndiye utakayeambiwa, mama.”

“Nitaambiwa nini?”

Akaniangalia. Alikuwa na macho ya mutu asiyelala vizuri. “Kile kitakachotokea.”

Bawifi akanivuta kikwembe. Mimi nikakaza. “Na wewe, baba, ni mutoto wa nani? Ulitoka wapi? Kaye hii unaipeleka wapi ukifunga mulango?”

“Nyumbani kwangu. Kwenye sanduku.”

“Sanduku lina ufunguo?”

“Halina.”

“Basi jina langu nitabaki nalo.”

Hakukasirika. Aliandika tu mustari, labda kuonyesha kwamba pako wazi. Halafu akamuambia mujukuu kwamba yenga tatu za kwanza hataendesha. Atasimama kwenye kona na bendera, ajifunze kuona. Yule mutoto akanuna mdomo mpaka karibu uanguke. Njiani bawifi yangu alisema kwa wote:

“Mutu anakuita kwenye harusi, halafu anakuambia simama inje uangalie viatu vya watu. Na damu ameandika. Mimi nimemaliza, ni kijana. Tena tunamujua mama yake.”

Kusema haki, hata mimi nilikuwa nimeinama upande huo. Nilisema tu: “Tuone kwanza siku ya posho.”

Uwanja wenyewe ni hivi. Ukitoka mujini ukipita Munigi, kuna tajiri mumoja alisawazisha mawe meusi yaliyotapikwa na mulima ili ajenge depo ya bidhaa, akaishia kwenye kusawazisha. Pembeni wameweka mapine ya zamani ya magari yaliyopakwa chokaa, na katikati ya ile nafasi kuna kinjia cha wanawake wa pale, cha kwenda kuchota maji, kwa sababu kwenye mawe hayo maji yako mbali. Nilibeba kiti changu kidogo, bawifi na mujukuu nyuma yangu, nikakaa pa kuona vizuri.

Siku ya posho ilikuwa sherehe. Muziki, mishikaki, vijana wenye miwani. Kijana wa manukato alinitangaza kwa watu: “Huyu ni mama wa klabu!” Wakanipigia makofi. Na wanaendesha, siwezi kukataa, wanaendesha kama mbayuwayu. Mujukuu alisimama karibu yangu, vidole vyake vinacheza kwenye muguu kama anabadilisha vitesi, gia za gari.

Halafu nikaona kile kinjia. Walikifunga kwa mawe makubwa, pande zote mbili, hata pale kinapokutana na barabara kubwa. Wanawake wenye bidoni za maji walikuwa wanazunguka mbali, juu ya mawe makali, na kambambili zao. Mumoja alipiga kelele: “Nyinyi watoto, maji yetu yanapita wapi?” Kijana akamujibu kwa upole wa kubembeleza: “Mama, sasa hivi tu, tunamaliza.” Walimaliza baada ya saa mbili.

Katikati ya hapo gari moja ya buluu ilitoka njiani. Sikuona vizuri, niliona vumbi jeusi nyuma ya kifusi kimoja cha mawe, nikasikia sauti kama sahani nyingi zinaanguka. Muziki ulizimwa. Na watu wakaanza kuulizana, ndilo jambo ambalo sitasahau:

“Ni nani ndani?”

“Si mwenye gari?”

“Mwenye gari niko hapa! Nilimuachia mutu.”

“Ulimuachia nani?”

“Walikuwa wawili pale, sikuangalia.”

Famille ya wote, na hakuna aliyejua mutoto gani yuko kwenye chuma. Nikageuka kumuambia mujukuu kitu. Hakuwepo. Nilishika fundo la kikwembe: ufunguo wetu uko. Lakini ufunguo wetu ulifungua gari yetu tu, na pale kulikuwa na magari mengi ya watu wanaoachiana bila kuangalia. Nikasimama. Nilisikia bawifi anaita jina la mujukuu, mara mbili, kwa ile sauti yetu ya matanga.

Akatokea upande mwingine kabisa, kutoka kwenye mawe, na bidoni ya mutu kwenye bega. Alikuwa amekwenda kumusaidia mama mumoja kuvuka. Nilimupiga kofi la mukono, halafu nikamushika mukono ule ule, sikuuachia mpaka mashindano yalipokwisha. Kwenye gari ya buluu walitoa kijana mumoja aliyevimba bega na kuvunjika jino. Alikuwa anacheka, na damu mdomoni. Muziki ukawashwa.

Walipoanza kuondoka, mawe yalibaki. Yote. Hata yale ya kwenye barabara kubwa, pale ambapo moto na makamio yanapita na giza linakuja. Nikamuita kijana wa manukato.

“Na mawe haya?”

“Mama mukubwa, usijichoshe! Kesho ni zamu ya wale wengine, watayatoa.”

Sasa munisikilize, kwa sababu hapa ndipo nilipochagua, hata kama sikujua bado. Kamio ikiharibika njiani, shofere anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, anaweka mengine nyuma kidogo kuonya watu. Ikitengenezeka, kuna wa aina mbili. Kuna anayeshuka akayatoa, na kuna anayewasha akaenda, na jiwe linabaki kumusubiri mwingine. Mimi kabla sijaolewa nilikuwa nachagua kamio ya kupanda kwa kitu hicho tu. Sikuuliza shofere anakunywa au anasali. Niliuliza: ukitoka, jiwe unaliacha? Bwana yangu alikuwa anashuka kutoa hata mawe ya wenzake, na ndiyo sababu nilimukubali, hata na uso wake ule.

Tuliyatoa sisi watatu, bawifi akilalamika kwa kila jiwe. Lakini alitoa.

Siku ya yenga nilikwenda bado na mashaka yangu yote. Kumukataa mumoja si kumupenda mwingine. Mutu wa lisiti alibaki mutu wa lisiti.

Hakukuwa na muziki. Watu walisimama mustari, kaske chini ya mukono, na yule muzee akasoma majina kutoka kwenye kaye. Kila mumoja akaitika, akasema gari yake. Walikuwa ishirini na wanane. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini mwili wangu ulisisimuka. Ni kwamba nilikuwa nimeisikia sauti ile kabla, na ilikuwa sauti yangu mwenyewe.

Nieleze. Zamani, tukitoka Bunagana na maharagi, sisi wachuuzi tulipanda juu ya magunia. Haikuruhusiwa. Kwenye karatasi ya shofere kuliandikwa maharagi tu, watu hatukuwepo. Bwana yangu aliniambia: “Wewe huandiki, basi shika kwa kichwa.” Nikashika. Kila tuliposimama nilitaja majina ya wote waliopanda, wakaitika, wakanicheka. Siku moja yenye matope kamio ilipinduka kwenye kilima. Tulitambaa kutoka, tunalia, kila mutu anatafuta mali yake. Watu walisema: tuko wote, tushukuru, twende kwa muguu. Mimi nikakaa kwenye matope nikaanza kutaja. Kumi na mumoja. Wakaitika kumi. Niliyataja tena. Kumi. Nikasema hatuondoki. Walinitukana, mvua ilikuwa inarudi. Tukatoa magunia moja moja, na chini kabisa, mdomo umejaa udongo, alikuwepo bawifi yangu. Ndiye huyu anayekula sukari ya kijana mpaka leo. Ndiyo sababu ananichosha na ninamuacha anichoshe.

Siku ile ya yenga alinitazama kutoka kwenye jiwe alilokaa. Yeye pia alikuwa ameisikia. Alifunika mdomo wake kwa kiganja.

Magari yalitoka. Mujukuu alikuwa kwenye kona ya pili na bendera ya manjano, amenuna bado. Wanawake wa bidoni walipofika kwenye kinjia, nikamuona anainua bendera. Magari yote yakapunguza, yakasimama, injini zinanguruma kama mbwa aliyefungwa. Wanawake wakapita polepole kwa makusudi, mumoja hata akasimama kufunga kitenge chake vizuri. Mujukuu hakushusha bendera mpaka wa mwisho alipovuka. Niliuona uso wake toka mbali. Haukuwa umenuna tena.

Walipomaliza, muzee akafungua kaye awaite tena. Nikaenda mbele yake.

“Baba, funga kwanza hiyo.”

“Mama, lazima nihesabu watu.”

“Utahesabu. Funga.”

Sijui kwa nini alikubali. Labda aliona mama muzee ana wazimu na hakutaka kelele. Nikageuka kwa watu, nikaanza kwa wa kwanza, kwa mupangilio ule ule aliowaita asubuhi, jina na gari. Mwanzoni waliitika kwa kicheko. Kufika kwa kumi hawakucheka. Wa ishirini na mbili, mwenye gari ya kijani, hakuitika. Nikarudia. Kimya. Wawili wakakimbia kwenye kona ya mbali, wakamukuta nyuma ya kifusi, anabadilisha pine peke yake, anatukana. Akaletwa, akaitika, nikaendelea mpaka mwisho. Wale wa bendera pia, na mujukuu wangu.

“Wamebaki wangapi?” muzee akauliza.

“Mumoja.”

Akafungua kaye haraka, akapitisha kidole. “Hapana, mama. Wote wameitika.”

“Wewe. Jina lako halimo. Asubuhi hakuna aliyekuita, na sasa wewe ndiye unazunguka nyuma kukusanya bendera. Ukibaki kwenye kona, nani atauliza?”

“Mimi ndiye ninayesoma.”

“Ndiyo nasema.”

Akakuna shingo. Halafu, mbele ya watu wote, alitaja jina lake, na la baba yake, mufugaji wa Masisi kule juu, na la bibi yake, muke wake, ambaye ndiye wa kuambiwa. Alitaja kama mwanafunzi. Sasa nilijua ni mutoto wa nani.

Bado nilikuwa na neno la karatasi. Tulibishana sana, bawifi akiingilia kila upande. Muzee alisema bila kaye hawezi, mutu akiumia daktari atauliza damu gani. Mimi nilisema damu iandikwe ndani ya kaske ya mwenyewe, na namba ya simu pia, iende na kichwa chake. Kwa nini ilale kwenye sanduku lisilo na ufunguo?

“Na majina?”

“Majina nipe mimi.”

“Na ukigonjwa, mama?”

Hilo lilinigusa, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Nikasema siku nikigonjwa ataandika, na jioni atachoma. Akaangalia watu wake. Mwenye gari ya kijani, na mafuta bado mikononi, akasema: “Muzee, mimi nakubali. Bila huyu mama ningelala pale.” Muzee akachana zile kurasa za kaye, akamupa mama mumoja aliyekuwa anachoma mahindi pembeni. Niliangalia mpaka zikawa majivu. Nilihesabu kurasa pia. Zilikuwa tatu.

Hapo nikafungua fundo. Ufunguo ulikuwa na joto la mwili wangu. Mujukuu akanyosha mukono, nikauzuia kidogo.

“Yenga mbili za bendera zimebaki.”

“Najua, koko.”

“Na jiwe hata dogo?”

“Natoa, koko.”

Nikauachia.

Sasa kila wakikutana nakwenda na kiti changu. Asubuhi nawashika, jioni nawarudisha, na muzee ndiye wa mwisho kuitika. Kusema kwamba nimeacha kuwashuku, ningedanganya. Namuangalia kila mugeni anayekuja na gari tupu, nauliza baba yake nani, wengine wanakasirika. Kijana wa manukato bado anapita kwetu na sabuni. Tunapokea sabuni.

Nimeandika haya polepole, kwenye siku nyingi, na wengine wenu munaosoma mulikuwepo pale uwanjani. Kama gari haikuwa ya buluu, kama neno nimeliweka kwenye mdomo usio wake, njooni muniambie, sitakasirika. Lakini kuna moja ninaloomba zaidi. Tangu nilipomuuliza yule muzee nani anamuita yeye, usingizi wangu umekuwa mubaya. Juu ya kamio ya maharagi nilitaja kumi na mumoja, na tulitoa magunia mpaka tukamupata wa kumi na mumoja, tukaacha. Ni mimi niliyesema tumetimia, na kama kulikuwa na wa kumi na mbili, tulimuacha chini. Kama ulipanda siku ile baada ya barieri na sikukuona, au unamujua aliyepanda na mimi sikumutaja, uliza Majengo nyumba ya mujane wa shofere. Njoo unisahihishe, hata kama ni kwa kunitukana.